Mto wa Saba wa Fundi Kesho

"Si uioe basi hiyo simu!" Mke wa Fundi Kesho alikuwa amesimama mlango wa chumbani, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeng'ang'ania gauni jipya ambalo pindo lake lilikuwa bado limeshikamana na shati la mumewe. "Ioe, ikufulie, ikupikie, ikukune mgongo! Nimesema nini sasa hivi?"

"Umesema..." Fundi Kesho alipepesa macho. "Umesema sawa."

"Nimesema jikoni kunaungua!"

"Mm. Sawa, mama watoto."

Na kweli jikoni kulikuwa kunaungua. Moshi ulikuwa umeshapita pazia la katikati, umezunguka cherehani mara mbili na kutoka barazani kupunga upepo, na Mzee Soli, mshona viatu aliyekuwa na kigoda chake pale nje huu mwaka wa kumi na tisa, alikuwa anaupisha kwa adabu kama mgeni wa heshima.

Habari ya gauni na shati ilikuwa hivi. Mke alikuwa ameliomba gauni hilo miezi mitano. Asubuhi hiyo ya Jumatatu fundi akajikaza, akalitia kwenye cherehani, na pembeni, kwenye kishubaka cha nyuzi, akaegesha simu yake. Ndani ya simu kulikuwa na mtu anaosha zulia. Hakuna kingine: mtu, brashi, povu, zulia. Dakika arobaini. Fundi Kesho, ambaye zulia lake mwenyewe halijaguswa na maji tangu lilipoingia nyumbani, alitoa macho pima kama anayetazama fainali. Mguu unakanyaga, mkono unasukuma, macho yako kwenye povu. Akapinda gauni, akafika mwisho wa gauni, akaunga na shati lililokuwa mwilini mwake, akaendelea mbele kwa moyo mkunjufu. Mke akaja, akalinyakua gauni aende kulijaribu, akaondoka nalo kwa hasira za miezi mitano, na mume akafuata nyuma kinyumenyume, simu mkononi, kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Walipita pazia, wakapita meza ya chakula, na hakugutuka mpaka kisogo kilipogonga fremu ya mlango. Hata hapo aliomba asubiriwe kidogo, maana zulia lilikuwa limebakiza kona moja.

Jina lake la Kesho hakupewa bure. Kila fundi nguo duniani humwambia mteja "njoo kesho", lakini zamani kesho ya huyu ilikuwa kesho. Tangu aipate simu, kesho yake ilianza kufika baada ya wiki, halafu baada ya mwezi, na kuna bwana mmoja alileta suti ya kuoa, akaja kuichukua akiwa na mtoto anayetembea. Simu yenyewe fundi aliitegesha kwa akili zake zote. Ikilia mara kumi bila kuguswa, inajipokea yenyewe na kutoa sauti kubwa, ili aongee na wateja huku mikono inasukuma kitambaa. Kwa hiyo mtaa mzima ulijua suruali ya nani imebana na imebana wapi.

Mke alichukua mkasi wa mumewe, ule mkubwa ambao yeye mke haruhusiwi kukatia hata karatasi, akakata, kwaa, gauni likaenda upande wake na shati upande wake. Akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa na begi.

"Naenda kwa dada yangu," alisema. "Nisikilize vizuri, maana siku hizi lazima kila kitu nikwambie mara tatu. Nitakupigia simu, na wewe usipokee."

"Unipigie halafu nisipokee?"

"Umesikia, afadhali. Ukipokea, nitajua bado unaishi nayo mkononi, na mimi sirudi. Ukifika Jumamosi hujapokea, nitajua nina mume. Na usiizime! Kuzima hata mtoto mchanga anaweza. Nataka ilie, uisikie, uiache. Mimi nimeita miaka mitatu humu ndani sikuitikiwa, sasa na yenyewe ionje."

"Mama watoto, tuongee..."

"Tuongee!" Alicheka kicheko kikavu. "Mzee Soli, wewe ni shahidi. Leo ametaka tuongee." Akashuka ngazi za baraza bila kugeuka.

Fundi Kesho alibaki ameshika pindo la shati lake. Wamekaa pamoja miaka ishirini na mbili, na watoto wote wameshaondoka na maisha yao. Nyumba ya vyumba viwili ilikuwa na watu wawili, na mmoja sasa ameenda. Halafu, kwa mazoea tu, akatazama simu.

"Fundi!" alifoka Mzee Soli kutoka nje.

"Natazama saa!"

"Saa iko ukutani!"

Akaitazama ya ukutani. Ilikuwa imesimama. Hakujua tangu lini.

Ndipo akakumbuka maneno ya Nesi. Huyu alikuwa nesi mstaafu, nyumba yake ya pembeni kule mwisho wa mtaa, na wiki mbili nyuma ndiye aliyemtoa fundi sindano kidoleni. Ilipenya ukucha ikatokea upande wa pili wakati fundi anamtazama kwenye simu fundi mwingine akieleza jinsi ya kuepuka kujichoma sindano. Nesi alimfunga kidole, akamwambia, "Mgonjwa wangu, nia mnayo wote. Nia haijamponya mtu. Dawa yako ni usumbufu. Hicho kitu kiweke mahali ambapo kukitoa ni kazi." Na kwa kuwa Nesi hapotezi safari, akaagiza hapo hapo mito sita ya makochi yake, kitambaa chake mwenyewe, cha maua ya bluu.

Basi Jumatatu hiyo fundi akaanza kumeza dawa. Akaipandisha simu juu ya kabati. Fundi Kesho ni mfupi, kanzu ya watu wengine kwake ni pazia, lakini mchana huo alirefuka, waliomwona wanasema aliongezeka kama shubiri mbili, akaishusha bila kigoda. Akaifukia kwenye ndoo ya unga. Baada ya nusu saa alikuwa mweupe mpaka viwikoni, na koti la mteja jeusi lilikuwa na alama za vidole vitano mgongoni. Akampa Mzee Soli aitunze. Mzee Soli akaitia ndani ya kiatu, kiatu ndani ya boksi, boksi chini ya makalio yake. Fundi Kesho akaenda kutengenezewa viatu mara kumi na moja, na mara ya mwisho alikwenda peku.

"Jirani," Mzee Soli alisema, "mimi nimezeeka, siwezi kukaa juu ya shida ya mtu mwingine. Chukua."

Fundi alirudi ndani, akakaa, akaitazama mito ya Nesi. Mitano ilikuwa tayari, wa sita umebaki kufungwa. Ndipo wazo likamjia. Mtu asiyeshona hawezi kulielewa vizuri. Hakuna fundi duniani anayependa kufumua. Mpe nguo kumi ashone, atashona anaimba; mpe mshono mmoja afumue, ataumwa kichwa, atakumbuka msiba wa zamani, atakwambia njoo kesho.

Akaumaliza mto wa sita. Kisha akakusanya vipande vilivyobaki vya kitambaa hicho hicho cha maua ya bluu, akashona mto wa saba, akatia sponji, akatoboa sponji tumbo, akaiingiza simu, akafunga. Hakufunga ovyo ovyo. Alipiga mshono wa mara mbili, akarudi kwa mkono, akaficha fundo, na alipomaliza aliugeuzageuza mto kwenye mwanga na machozi yakamlenga. Tangu aanze kazi hajawahi kupiga mshono uliokaa vile. Kuufumua ingekuwa sawa na kumkata mtoto nywele zake za kwanza kwa panga. Akauweka rafuni, juu ya cherehani, akauambia, "Tutaonana Jumamosi."

Jumanne mto ulianza kulia saa moja asubuhi. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kimya. Fundi alikaa juu ya mikono yake. Baada ya robo saa, tena: mara nne, kimya. Kule kwa dada yake, mke alikuwa anahesabu naye. Ikifika nne hajapokea, moyo unamtulia, anakata. Halafu moyo unachafuka upya, anapiga tena ahakikishe. Mpaka jioni mto ulikuwa umelia mara ishirini na saba.

"Kwa mtu anayechukia simu," alisema Mzee Soli, "mkeo anajua kuipiga."

"Ananipenda," alisema fundi, na uso wake uling'aa. Kila mto ulipolia alifurahi kama anayeitwa kwa jina. Hajawahi kuitwa na mkewe mara nyingi hivyo akasikia zote.

Dole gumba ndilo lililoteseka. Lilizoea kusukuma kioo juu na chini kutwa nzima, sasa halina kazi. Likawa linasukuma meza. Linasukuma kitambaa. Mteja mmoja mnene alikuja kupimwa kiuno, akasimama ametanua mikono, na katikati ya kupimwa akasema, "Samahani fundi, mbona unanifutafuta tumbo kwenda juu?" Fundi akaomba radhi, akasema anatafuta mwisho wake.

Lakini mambo mengine yalianza kujitokeza, kama mtu anayetoka gizani. Fundi aligundua kwamba duka la mbele limepakwa rangi ya kijani. Akamuuliza Mzee Soli limepakwa lini.

"Mwaka juzi."

"Na wewe meno mawili ya mbele yamekwenda wapi?"

"Hayo mwaka jana. Nilikuaga kabisa, nikakwambia naenda kung'oa. Ukasema sawa."

Fundi akaona haya, akamletea kiti ndani, wakaongea. Wakaongea mpaka cherehani ikaona wivu. Na huku anaongea alikuwa anashona, maana macho sasa hayakuwa na pengine pa kwenda ila kwenye kazi. Akamaliza suruali mbili, koti lile jeusi, na sare tatu. Mwenye koti alipopita kuulizia, fundi akamwambia, "Tayari." Yule bwana akarudi nyuma hatua moja. Akalikagua kola, akalikagua mifuko, akasema hilo si lake, lake haliwezi kuwa tayari, fundi anataka kumbambikia la marehemu. Ilibidi Mzee Soli ale kiapo.

Na gauni la mke, lile lenye pindo lililokatwa, fundi alilikalia nusu siku nzima. Akalifumua, ndiyo, yeye mwenyewe, uzi mmoja mmoja, bila kuumwa kichwa. Akalishona upya, akalitundika msumarini karibu na mlango, mahali ambapo mtu akiingia hawezi kulikosa.

Jumatano asubuhi Nesi alikuja na mkokoteni kuchukua mito yake. "Nina kikao kesho sebuleni kwangu," alisema. "Nimewaalika majirani, wote waliooza shingo kwa kutazama chini. Simu zote zinabaki kwenye beseni mlangoni. Saa mbili za kuongea kama binadamu. Nataka wakae mahali laini, wasiwe na kisingizio. Na wewe je, mgonjwa wangu? Dawa umeimeza?"

Hapo ndipo ulipotokea ule upuuzi, na ajabu yake ni kwamba simu haikuhusika kabisa. Fundi Kesho alikuwa na siku mbili hajagusa kitu, na maneno yote aliyoyabana miaka mitatu yalikuwa yanamtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Alimweleza Nesi habari ya ndoo ya unga, ya viatu mara kumi na moja, ya rangi ya kijani, ya meno ya Mzee Soli, akamtazama usoni muda wote kama mtu mwenye adabu zake, na huku anamtazama usoni mikono yake inashusha mito rafuni. Mmoja, miwili, mitatu. Sita kamili. Mwenye mkokoteni akafunga kamba, akaondoka. Rafuni ukabaki mto mmoja wa maua ya bluu, umekaa kimya.

Ukakaa kimya kwelikweli. Jumatano yote haukulia. Fundi alisubiri saa nne, akasubiri saa sita. Saa tisa akausogelea.

"Amechoka kunipigia," alisema.

"Au chaji imekwisha," alisema Mzee Soli.

"Haijaisha. Simu isiyotazamwa hailiwi chaji, inakaa hata mwezi." Alisema kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kujaribu. "Amekata tamaa na mimi, mzee. Ameona potelea mbali."

"Si ufumue utazame?"

Fundi alichukua mkasi. Akaurudisha. Akauchukua tena. "Nikifumua, nimetazama. Nikitazama, nimemdanganya. Hapana." Akapiga moyo konde, akauweka mto juu ya meza mbele yake, na kuanzia hapo akawa anashona huku anauongelesha. Aliuambia kuhusu gauni. Aliuambia amebadilisha betri ya saa ya ukutani. Alhamisi aliuomba msamaha, kwanza wa jumla, kisha mmoja mmoja: siku ile ya homa yako nikakwambia sawa, siku ile umesuka nywele nikauliza mgeni ni nani. Mzee Soli, aliyekuwa anasikia yote kutoka nje, ilibidi apigilie misumari kwa nguvu zaidi ili asisikike analia. "Piga basi, mama watoto," fundi aliuambia mto. "Piga nisipokee."

Ijumaa asubuhi, kabla jua halijafika ngazi ya pili ya baraza, Nesi aliingia ameshika mto wa maua ya bluu kwa vidole viwili, mbali na mwili, kama anavyoshika kitu cha wodini.

"Fundi! Nilikuagiza mto wewe umenishonea mtu?"

"Shida gani, Nesi? Sponji imekaa upande?"

"Sponji imesema!" Nesi aliubwaga mto mapajani mwake. "Tangu juzi nyumba yangu inalia. Mara nne, kimya. Mara nne, kimya. Nimegombana na jirani wa ukutani, nimemwambia atoe simu yake kwenye tundu, hatusalimiani mpaka sasa hivi. Jana kikao kimekaa. Simu kumi na mbili kwenye beseni, na yangu ya kwanza, juu imefunikwa kitambaa. Nikasimama mbele yao, nikasema, jamani, leo humu hakuna simu, sikieni masikio yenu yanavyopumzika. Yakapumzika. Ndipo kochi likaanza kulia."

"Mara nne?" aliuliza fundi, na macho yake yaliwaka ghafla.

"Nne ya wapi! Jana halikukoma. Tano, sita, saba. Watu wote wananitazama mimi. Mama mmoja akasema, 'Nesi, kumbe ya pili umeificha.' Mimi! Nimeinama chini ya kochi na magoti yangu haya, nimepapasa, hakuna kitu. Kumi. Likanyamaza. Nikasema haya, yameisha, turudi kwenye mada. Nikamwita yule bwana mwenye mgongo mbovu, nikamwambia, 'Njoo ukae hapa kwangu, egemea, jilegeze, usiogope, tuko wenyewe.' Basi kochi likavuta pumzi, likasema, 'Baba watoto! Nani huyo anayekwambia ujilegeze?'"

Nje, nyundo ya Mzee Soli ilianguka.

"Kwa sauti gani?" fundi aliuliza polepole.

"Ya mwanamke aliyekasirika."

"Ndiye."

"Na wewe Nesi ukajibu nini?" Mzee Soli alikuwa ameshafika mlangoni, kiatu cha mtu mkononi.

"Nilimjibu kwa heshima zote. Nikasema, 'Dada yangu, mumeo sijamwona hapa, ila simu yake nadhani nimeikalia.' Akasema, 'Umeikalia! Na yeye umemkalia?' Nikasema, 'Sijui, mama, bado natafuta.'"

"Nesi!" fundi alilia.

"Ungekuwa wewe ungesema nini, unahojiwa na kochi? Akakata. Na yule bwana wa mgongo aliruka akatoka mbio, sijawahi kumponya mtu haraka hivyo."

Fundi Kesho alinyoosha mkono, akauvuta ule mto wa mezani, ule alioungama kwake siku mbili. Akauminya. Akauminya tena katikati. Sponji tupu, kutoka pembe mpaka pembe.

"Nilikuwa naongea na sponji," alisema.

"Na ilikusikiliza vizuri," alisema Mzee Soli. "Haikukwambia sawa hata mara moja."

"Hakuchoka kunipigia," fundi alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Muda wote alikuwa anapiga." Halafu furaha ikamwishia usoni, maana aliona alipofika. "Na sasa anaamini nina mwanamke."

"Fumua, umpigie umweleze," alisema Nesi.

"Akifumua amekwisha," alisema Mzee Soli. "Masharti ni mpaka kesho asiguse."

"Asipofumua amekwisha vilevile! Mke anadhani yuko sebuleni kwangu amejilegeza!"

"Basi afumue kesho."

"Na nyinyi na kesho yenu! Wote wawili mmelishwa kitu kimoja."

"Mpigie kwa simu yako, Nesi," fundi aliomba.

Nesi alijishika mfuko, akaduwaa. "Iko kwenye beseni. Nimeiacha nyumbani makusudi, niwe mfano."

Wakamtazama Mzee Soli. Mzee Soli hajawahi kuwa na simu maisha yake yote. Kila mtu anayemhitaji huja na kiatu.

Fundi Kesho aliuweka mto wenye simu magotini, akauangalia mshono wake. Haukuwa umelegea hata uzi mmoja, pamoja na kukaliwa na kikao kizima. Akauchukua mkasi mkubwa. Akatia ncha kwenye fundo alilolificha, akakata uzi wa kwanza. Mzee Soli alijifunika uso kwa kile kiatu. Akakata wa pili.

Mto ukalia.

"Usiguse!" alisema Mzee Soli.

"Pokea!" alisema Nesi.

Mara ya pili. Ya tatu. Fundi aliinua mikono yote miwili juu, mkasi ukiwa bado umening'inia kidoleni, kama mtu aliyekamatwa. Ya nne. Alisubiri ikatwe. Haikukatwa. Ya tano.

"Nikiiacha itajipokea yenyewe," alisema fundi, jasho linamtiririka. "Sasa itakuwa nani amepokea, mimi au yenyewe?"

"Basi mimi niondoke, asinisikie," alisema Nesi.

"Uende wapi, na wewe ndiye mwanamke mwenyewe?" alisema Mzee Soli. "Kaa hapa utoe ushahidi!"

"Mwambieni nyinyi," fundi alisema, bado mikono juu. "Ikijipokea, semeni nyinyi, yeye mimi hataniamini. Mwambieni sijaigusa tangu Jumatatu. Mwambieni gauni liko tayari. Mwambieni mimi siku hizi nasikia, namsikia hata akiwa hayupo, na kama atarudi, akiniita mara moja tu nita..."

Kivuli kilikata mwanga wa mlangoni. Mke wa Fundi Kesho aliingia, begi begani, vumbi la safari kwenye viatu, kichwa kimeinama, macho yamezama kwenye kioo cha simu yake alichokiinua mbele ya pua. Alimpita Mzee Soli bila kumwona. Alipita chini ya gauni lake mwenyewe, likamgusa bega, hakugeuka. Nyonga yake ikagonga kona ya meza ya kukatia, kitu ambacho kingemfanya mtu mwingine aruke, yeye akalishusha begi tu, dole gumba likisukuma kioo juu na chini, hesabu ya nne ameshaisahau.

"Karibu, mama watoto," alisema Fundi Kesho.

"Mm," alisema mkewe. "Sawa."

Nesi alifungua mdomo. Mzee Soli akamkanyaga mguu.

Mto ukalia mara ya nane. Ya tisa. Hapo ndipo mwanamke alipoinua kichwa, taratibu, akasikia simu aliyokuwa anaipiga inalia ndani ya chumba alichosimama. Akauona mto magotini kwa mumewe, na mshono wake wote, na nyuzi mbili zilizokatwa. Akaona mikono iliyoinuliwa juu. Akamwona Nesi, mwanamke mwingine humo ndani. Akaligeukia gauni kama kwamba limemwita.

Ya kumi. Mto ukajipokea wenyewe, na katikati ya maua ya bluu ikasikika pumzi ya mtu aliyetembea haraka kutoka mbali, ile ile iliyokuwa inapanda na kushuka kifuani mwa mke aliyesimama pale. Mke akaitazama simu yake, akaikata, akaiweka mezani.